Nina Jumamosi moja na baiskeli, nipite mlima gani?

Mpendwa mshauri Mama Fausta, naomba msaada wako, na kwanza unisamehe mwandiko maana niliishia darasa la saba, na barua hii naiandika kwa vipande, kipande asubuhi nikisubiri maandazi yaumuke, kipande mchana mtoto akilala, kwa hiyo ukiona wino umebadilika ujue ni siku nyingine, mtu ni yule yule.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi hapa Tunduma, nauza chai na maandazi karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Mume wangu Gibson anakimbiza makaratasi ya wakala wa forodha, ni mtu mpole, hanipigi wala hanifokei, sijakuandikia kumsema. Shida yangu ni ndogo hata naona aibu, maana wenzangu wanakuandikia wameachwa, wamefiwa, mimi nakuandikia habari ya baiskeli.

Mwaka jana zamu yangu ya upatu ilipofika wenzangu walijua nitanunua masufuria, mimi nikavuka kwa mama mmoja wa Nakonde anayeuza mitumba nikanunua baiskeli ya gia, zile za matairi mapana yenye meno, ya bluu, imechubuka kidogo mbele, na yule mama akacheka akanishika mkono akasema natotela, bamayo, yaani asante mama, nikaisukuma mpaka nyumbani nikiwa kama mtu anayetembea na mgeni. Jirani yangu Gwantwa akasimama mlangoni kwake akaniuliza, "Ya kwenda wapi hiyo? Duka liko hapo, bomba liko hapo, na mume unaye." Jibu ninalo lakini nikilitoa mdomoni linakuwa dogo.

Mimi nilizaliwa Ileje, milimani. Nikiwa msichana tulikuwa tunapanda kutafuta kuni asubuhi za mwezi wa sita, baridi inauma masikio, na ukifika juu unakuta ukungu umelala bondeni, mweupe, umetulia kama maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, vilele tu ndivyo vimetokeza, na mimi nilikuwa nafikiri mtu akiwa na kitu cha kwenda nacho bila kukanyaga chini anaweza kupita juu ya yale maziwa mpaka mlima wa pili na asilowe miguu. Mpaka leo nikikanda unga naiona. Mikono iko kwenye beseni, mimi niko huko juu, baiskeli inashuka yenyewe, sikanyagi pedali, nasikia mnyororo tu unasema tiki tiki tiki, upepo unaingia kwenye mikono ya sweta, na hakuna mtu anayeniita. Mara dereva anasema mama chai, nashtuka, nakuta nimetia chumvi mara mbili. Wateja wangu wameshazoea, kuna mmoja wa Zambia maandazi yakiwa na chumvi ananiuliza, "Leo ulikuwa mlima gani?"

Sasa siku imepatikana, na ndiyo maana nakuandikia haraka. Mwanangu Lusubilo ana mwaka na miezi kumi, na mwisho wa mwezi huu tunamwachisha ziwa. Kwetu mtoto wa kuachishwa anapelekwa kwa bibi yake, mama anabaki mbali, na bibi anamzoeza uji na kumbeba mpaka asahau. Atapelekwa Alhamisi kwa mama mkwe huko huko Ileje, na mama mkwe amenipigia simu akanionya, "Mwanangu, mpaka Jumatatu usionekane huku. Mtoto akisikia hata kikohozi chako kazi yote imeharibika, tutaanza upya." Nimekubali. Kwa hiyo Jumamosi nitakuwa mikono mitupu, jambo ambalo halijatokea tangu nijifungue, na halitatokea tena karibuni kwa sababu Gibson anasema Lusubilo akiacha ziwa tuombe mwingine, na mimi pia nataka, ila najua nikishabeba mimba baiskeli itatundikwa ukutani miaka miwili, mitatu, na mimi magoti yatakuwa yameshasahau. Ni Jumamosi ile moja, Mama Fausta. Nataka niipande milima yetu peke yangu, asubuhi mpaka jioni, halafu nirudi niwe mama wa watu.

Njia nimezihesabu ni tatu. Ya kwanza ni lami yenyewe kutoka Mpemba kwenda Isongole, laini, huwezi kupotea, lakini malori nayo yameipenda, na lori likikupita kwenye kona upepo wake unakuvuta kama mtu amekushika sketi. Ya pili inapanda kutoka kanisani kwa akina Gibson, inapita kwenye migomba, inatokeza juu ya mgongo wa mlima na kutembea juu kwa juu, huku bonde huku bonde, halafu inashuka taratibu, nzuri hiyo jamani, ndiyo ninayoiona nikikanda unga. Ya tatu iko mlima wa ng'ambo, unaotazamana na huo wa ukweni, ni barabara ya wapasua mbao kwenye misonobari, ndefu, kuna mahali pa kushuka na kusukuma, nyumba hakuna, ukifika juu unaona ng'ambo bati la jiko la mama mkwe linang'aa kama kioo, dogo hivi, halafu unateremka mpaka kwenye kijito na kurudi lami. Hiyo sijawahi kuipita na baiskeli, niliipita kwa miguu nikiwa msichana.

Moyo wangu uko kwenye ya pili. Lakini ya pili ina jambo, na hili sijamwambia mtu isipokuwa Gwantwa.

Wiki tatu zilizopita tulikwenda ukweni kuvuna mahindi, baiskeli tukaipakia juu ya gari, Gibson alisema itasaidia kubeba magunia. Siku ya pili wengine wakiwa shambani nikasema ngoja niijaribu mpaka chemchemi nirudi. Nikapanda kwenye ule mgongo nikafika juu, nikashuka, Mama Fausta, nilishuka, machozi yalinitoka kwa upepo na si kwa upepo tu, na kwenye kona ya pili nikamwona baba mkwe anapandisha na ng'ombe wake.

Labda wasomaji wengine hawajui. Kwetu mwanamke hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Ukimwona unampisha, unaingia majanini, unajifunika kitenge mpaka apite, na yeye naye anageuza uso. Hamsemezani. Jina lake silitaji, hata hapa siliandiki. Sasa mimi natakiwa nimpishe na nipo kwenye mteremko na baiskeli inakimbia. Nilifanya nilichofundishwa, nikaingia majanini. Nilibana breki ya mbele kwa nguvu zangu zote, baiskeli ikasimama, mimi sikusimama. Niliruka kama gunia, nikaangukia kwenye magugu, na baiskeli ikaja ikanilalia juu, gurudumu linazunguka tiki tiki tiki. Nikavuta kitenge nikajifunika kichwa nikatulia tuli. Hata maumivu niliyaambia yasubiri.

Nikasikia kwato zimesimama. Halafu nikasikia baba mkwe anaongea na ng'ombe.

"Wewe ng'ombe," anamwambia, "nimekuambia mara ngapi? Mteremkoni hawabani breki ya mbele. Wanabana ya nyuma, kidogo kidogo, na mwili wanausogeza nyuma ya siti. Mimi nilishusha kahawa kwa baiskeli miaka kumi na mbili katika mlima huu huu, ng'ombe, ninajua ninachokuambia."

Ng'ombe anatafuna tu. Mimi sipumui.

Akasema tena, na sauti ilikuwa imebadilika, "Sasa, ng'ombe, mtu akiwa ameumia anakohoa mara moja, nikamwite mama. Akiwa mzima anakohoa mara mbili."

Nikakohoa mara mbili.

"Haya, ng'ombe," akasema, "twende zetu." Nilipochungulia niliona mgongo wake tu, alikuwa amenipa kisogo muda wote, kofia ameishika mkononi.

Hakumwambia mtu. Asubuhi yake mama mkwe alinipa kopo la grisi akasema, "Nimelikuta mlangoni pa jiko, sijui la nani," na macho yake yanacheka. Grisi ya mnyororo.

Niliporudi Tunduma nikamsimulia Gwantwa nikifikiri atafurahi, akapiga makofi, "Amekuita ng'ombe, na wewe unachekelea! Mwenzangu, mkwe ameona paja lako hewani. Ukipita tena njia hiyo watasema umemvua mzee heshima yake, umefanya makusudi." Sasa sijui. Mimi nililala pale chini ya baiskeli nikaona kama nimebarikiwa. Au nilikuwa natukanwa na sikuelewa?

Gibson sijamwambia lolote, si kuanguka wala Jumamosi. Si kwamba atakataa. Atasema twende wote, atakodi bodaboda anifuate nyuma na maji ya kunywa, na akifanya hivyo ni mapenzi, lakini siku haitakuwa yangu. Nilikuwa nafikiri nimwambie nakwenda Vwawa kwa shangazi.

Kwa hiyo Mama Fausta nishauri, nipite njia gani? Ya pili ikinipeleka mpaka juu ya nyumba ya ukweni, nikipita kimya kimya, mtoto hatanisikia, nitakuwa juu kabisa mimi, naona paa tu na labda nguo zake zimeanikwa, lile sweta la njano. Sitasimama. Au nitasimama kidogo tu. Nisaidie, mama yangu, nikiwa na matumaini kwamba si ujinga.

Ni mimi, Mama Lusubilo, Tunduma.

JIBU

Mama Lusubilo, si ujinga. Tukimaliza hapo ndipo nianze kukugombeza.

Umeniandikia njia tatu, mwanangu, ukazipima vizuri kama mtu wa ramani, lami ina malori, mgongo una mkwe, misonobari ina upweke. Nikakuamini mpaka mistari ya mwisho. Sweta la njano! Hapo nikaweka miwani mezani. Wewe hujachagua njia ya baiskeli, wewe unamfuata mtoto. Moyo wako hauko kwenye ya pili kwa sababu ya bonde huku na bonde huku, uko pale kwa sababu chini yake kuna kamba ya nguo. Na unaniambia hutasimama. Utasimama. Upepo utakuletea kilio chake, maana Jumamosi itakuwa siku ya tatu na siku ya tatu ndipo wanalia kweli, muulize mama yeyote, na maziwa yatakushuka hapo hapo juu ya baiskeli, na utateremka mbio kwa breki zote mbili. Jumapili mama mkwe anaanza upya, na mtoto ndiye atakayeumia mara mbili. Njia ya pili, hapana. Jumamosi hiyo, hapana. Mlima hauhami.

Sasa habari ya baba mkwe. Mwambie Gwantwa apunguze chumvi, amekuzidi hata wewe. Mzee hakukuita ng'ombe. Mzee alikuwa na mambo mawili mkononi, mila yake na wewe uliyelala chini ya chuma, na hakutaka kuangusha hata moja. Angekuja kukuinua, angekuaibisha mpaka leo usingeingia jikoni kwa mama mkwe wako. Angepita kimya, angekuwa jiwe. Akatafuta ng'ombe. Nimekaa na barua za wakwe miaka mingi, wengi wanatukanana uso kwa uso na kujiita wastaarabu, sijapata kusoma mtu aliyetunza heshima ya mwenzake vizuri hivyo kwa kumpa kisogo. Kofia mkononi, umeona mwenyewe. Halafu grisi. Mtu anayetaka uache baiskeli hakupi grisi, mwanangu. Umebarikiwa, na umebarikiwa na fundi.

Ila baraka si ruhusa ya kumtegea kwenye kona kila wiki. Siku nyingine ukienda kupanda huko, mama mkwe ajue kabla, naye atajua namna ya kumwambia mzee leo ng'ombe wachungwe upande gani. Ndivyo wanawake wa kwenu walivyopitisha mambo tangu zamani, bila kuvunja kitu.

Gibson. Hapa nakukemea. Shangazi wa Vwawa hahusiki, mwache apumzike. Ukidanganya siku nzuri namna hii, utaibeba kama mzigo wa wizi, na ukianguka mlimani watakutafuta Vwawa. Mwambie Gibson leo, kabla hajavua viatu, maneno haya haya uliyoniandikia: "Nikikanda unga naona mlima, naomba siku moja nikauone peke yangu." Mwambie na habari ya kuanguka, atacheka, halafu ataogopa, mwache aogope kidogo, ni haki yake. Akileta habari ya bodaboda, mwambie kuna kazi moja kubwa kuliko hiyo: awe ndiye anayejua njia uliyopita na saa uliyosema utarudi, na simu yake asiizime. Mwanaume akipewa kazi ya kungoja anaiona ndogo mpaka aifanye.

Utapita ng'ambo. Barabara ya wapasua mbao. Pakia baiskeli kwenye gari la kwanza la asubuhi linaloelekea Ileje, ushukie chini ya misonobari, uanze kupanda jua likiwa bado halijapasha mgongo. Ukiwakuta wapasua mbao, salimia, taja jina la mumeo na kijiji chako, waambie unapita na utatokea kijitoni, mtu akishakujua anakuangalia hata bila kutaka. Kama hapana mtu, au ukiona watu ambao moyo unawakataa, geuza, rudi lami, siku haijaharibika. Mahali pa kusukuma, sukuma, hakuna anayekuhesabia. Beba maji, viazi vya kuchemsha, pampu na viraka vya tyubu, na ujue kuvitumia kabla ya Jumamosi, si siku yenyewe. Koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe. Breki zote mbili zitazamwe na fundi Ijumaa. Saa saba mchana popote utakapokuwa, anza kurudi, milimani jua linaondoka bila kuaga.

Na kifua chako, maana hukuuliza, umesahau kabisa kwamba kipo. Asubuhi kabla ya kutoka kamua kidogo, mpaka maumivu yapungue tu, usikamue yote au yatajaa tena kwa hasira. Weka kitambaa safi, na mchana rudia hivyo hivyo nyuma ya mti. Matiti yakigeuka mekundu na ya moto na mwili ukatetemeka, hiyo si huzuni, hiyo ni zahanati.

Sasa sikiliza. Utafika juu, ukungu utakuwa bado chini, yale maziwa yako ya kibuyu, na baada ya muda utatawanyika, na ng'ambo utaona bati la jiko linang'aa. Umelitaja wewe mwenyewe, ukalipita haraka kama kitu kisicho na maana, mimi nimelishika. Kutoka pale huwezi kusikia kilio na hakuna anayeweza kukusikia. Unaweza kukaa unavyotaka. Kaa. Kula viazi vyako. Mtazame mwanao kwa bati, analishwa uji na watu wanaompenda, na wewe umeketi juu ya mlima na baiskeli yako ya bluu, nyote wawili mnajifunza kitu kimoja siku moja.

Halafu simama, ufunge sweta, ugeukie lile bati na ukohoe mara mbili.

Kisha shuka. Breki ya nyuma, kidogo kidogo.

Mama Fausta